Poka ya Dallas na Poka ya Kitengela

Mkenya akialikwa poka hapa Dallas, huketi mezani akiwa na mchezo mwingine kichwani. Kule Kitengela, kwenye steji za bodaboda na nje ya kinyozi, poka ni mbio za kumaliza karata. Mnagawiwa, mara nyingi nne nne, kisha unateremsha inayolingana kwa namba au alama na iliyo juu. Mbili inamwokotesha mwenzako mbili, tatu inamwokotesha tatu, jokeri tano. J inamruka, K inaurudisha mchezo ulikotoka. Q na nane ni maswali, nawe uliyeuliza ndiwe wa kujibu. A huzuia adhabu, au huomba alama uitakayo. Ukikaa na wachezaji wa Kajiado mjini, uliza sheria zao kwanza, maana kila kijiwe kina zake.

Huku Texas unapewa karata mbili za siri. Tano hufunuliwa katikati ya meza: tatu kwa pamoja, halafu moja, halafu ya mwisho. Katika hizo saba unaunda tano bora. Dau huwekwa kabla ya kufunua na baada ya kila ufunuo: unafuata, unaongeza, au unatupa karata. Jozi hushindwa na jozi mbili, nazo na tatu za namba moja, kisha mfululizo, tano za alama moja, tatu zikiandamana na jozi, nne za namba moja, na juu kabisa mfululizo wa alama moja. Mgeni namsihi jambo moja: karata mbovu zitupe mapema, usifuate dau kwa uchungu wa pesa ulizokwisha kuweka.

Kinachotusumbua zaidi ni ukimya. Hapa asiye na kitu anaweza kuongeza dau mpaka wote wajitoe, akazoa pesa bila kuonyesha karata. Kitengela, ukiona zamu ijayo unamaliza, sharti utangaze: "Niko kadi!" Usipotangaza, ushindi haupo. Ukishatangaza, meza nzima inakugeukia, unamiminiwa mbili na tatu, K inakupokonya zamu. Na bado lazima umalizie karata ya kawaida. Kumshinda mtu uliyemwonya ni kazi kubwa kuliko kumshinda uliyemficha, na ndiyo maana wanangu nawafundisha hiyo ya nyumbani kwanza. Ya Texas watajifunza wakiwa watu wazima, wenye pesa zao.