Maji Yaanzapo: Safari ya Uluguru na Wito wa Kila Siku

Ukisafiri kutoka Dar es Salaam kwenda bara, mwendo wa kilomita karibu 190, utauona mlima kabla hujauona mji. Upande wa kushoto Milima ya Uluguru imesimama kama ukuta, na kilele cha Lupanga kimejifunika wingu hata siku ambayo huku bondeni jua linachoma. Chini yake umelala Morogoro, mji ambao wenyewe wanauita "mji kasoro bahari", maana kila kitu kipo isipokuwa bahari.

Reli ilifika hapa mwaka 1907 wakati wa Wajerumani, na tangu Juni 2024 abiria wanafika kwa treni ya umeme. Lakini mwezi huu nakualika tushuke garini, tupande mlima kwa miguu. Kuna jambo ambalo akina mama wengi tunaulizana katika vikundi vyetu: "Nitajuaje Mungu ananiitia nini, nami nina watoto, nina genge la mboga, na ndani kuna mgonjwa?" Nadhani Uluguru ina la kutuambia.

MJI ULIOTAWALIWA NA MWANAMKE

Kabla ya reli, misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita mahali hapa. Henry Stanley alipopita mwaka 1871 akimtafuta Dakta Livingstone, alikuta mji wenye ukuta wa mawe, uliojengwa na Kisabengo. Kisabengo alikuwa amekwisha kufa, na mtawala alikuwa binti yake, Simbamwene. Mwaka uliofuata Stanley alirudi pwani kwa njia hiyohiyo, akakuta mafuriko yamebomoa sehemu ya ukuta ule na kusomba nyumba. Maji kutoka mlimani yalikuwa yameushinda mji.

Jambo hilo tulishike. Mji huu unaishi kwa neema ya mlima. Mlima ukitunzwa, mji unakunywa. Mlima ukiachwa wazi, tope na mawe hushuka.

Wenyeji wa milima hii ni Waluguru, na kwao ukoo unafuata upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na ardhi ya ukoo hurithiwa kwa njia hiyo. Mjomba ana sauti kubwa, lakini ukoo unaendelea kwa sababu mabinti wanazaa. Mtu akifahamu hivyo, ndipo ataelewa uzito wa jambo lililotokea Mgolole.

MGOLOLE: WITO ULIOGHARIMU

Mgolole ipo chini ya mlima, upande wa mashariki wa mji. Hapo ndipo nyumbani kwa Masista wa Moyo Safi wa Maria, shirika la masista Waafrika lililoanzishwa mwaka 1937 wakati wa Askofu Bernard Hilhorst. Leo ukipita hapo utaona bustani, na utasikia kengele ya sala. Ni mahali patulivu, kana kwamba mambo yalikuwa mepesi tangu mwanzo.

Hebu tufikiri. Binti wa Kiluguru anamwambia mama yake kwamba hataolewa, atamtumikia Mungu katika utawa. Katika jamii ambayo ukoo unapita tumboni mwa binti, maneno hayo si madogo. Si mahari tu inayokosekana. Ni wajukuu wa ukoo, ni warithi wa shamba, ni jina la bibi ambalo halitapata wa kulibeba. Mama aliyemruhusu binti yake aende, naye pia aliitikia wito, ingawa hakuvaa shela. Kila tunapomsifu aliyeondoka, tumkumbuke na aliyebaki nyumbani akilima peke yake.

Basi wapo ambao Mungu huwaita waondoke. Lakini wengi wetu tumeitwa tukabaki palepale. Hao ndio niliowafuata mlimani.

NJIA YA MORNINGSIDE

Alfajiri, njia inayopanda kwenda Morningside, ambako kuna nyumba kongwe ya Wajerumani, ni kama barabara ya sokoni. Wewe unapanda ukihema, akina mama wanashuka. Kichwani wana tenga la mboga, mkungu wa ndizi au mzigo wa karoti na majani yake. Wanashuka wepesi, nyayo zinajua kila jiwe, na bado wanapata pumzi ya kukusalimu. Wanawahi Soko Kuu la Chifu Kingalu, na kabla ya jioni wataupanda mlima huohuo kurudi.

Kadiri unavyopanda, hewa inapoa na sauti ya maji haikuachi. Juu zaidi ni msitu, ambao tangu mwaka 2008 ni Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, zaidi ya hekta 24,000. Humo mna ndege ambao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Msitu huo hushika mawingu yanayotoka Bahari ya Hindi, na maji yake huanza kushuka tone kwa tone. Vijito vya upande huu huingia Mto Morogoro, nao huingia Ngerengere, na Ngerengere huingia Ruvu. Ruvu ndiyo inayonywesha Kibaha na sehemu kubwa ya Dar es Salaam. Oktoba 2022 Ruvu ilipopungua sana, jiji zima lilipata maji kwa mgawo, na akina mama wa mjini walikesha na ndoo wakisubiri bomba litoe.

Wachache kati yao walijua kwamba ndoo ile inaanzia kwenye shamba la mama mmoja huku juu.

AMRI NA WITO

Katika milima hii watu wanakumbuka habari ya matuta. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuzuia mmomonyoko wa udongo Uluguru. Watu waliamriwa kukata mlima kwa ngazi, na aliyekaidi aliadhibiwa. Sehemu kubwa ya jasho ilikuwa ya akina mama. Kwenye miteremko mingi udongo wenye rutuba ni mwembamba. Walipokata ngazi, udongo mzuri ulifukiwa na ule usiozaa ukaja juu. Jasho likawa jingi na chakula kikawa kidogo. Mwaka 1955 watu wa Matombo walikataa, zikatokea ghasia, na mtu mmoja akauawa kwa risasi. Mwaka huohuo mpango ukaachwa.

Miaka hamsini baadaye, huko Kibungo Juu, mashirika ya CARE na WWF yalikaa na wanakijiji wakazungumza. Mkulima aliyekubali mwenyewe kukata matuta, kupanda miti na kuacha kingo za mto, alilipwa fidia kidogo, na baadhi ya fedha hizo zilitoka kwa watumiaji wa maji huko chini. Safari hii watu walikata matuta. Mlima ni uleule na jembe ni lilelile, lakini mara hii waliulizwa, wakajibu.

Mpenzi msomaji, hapo ndipo ninapoona tofauti kati ya amri ya mwanadamu na wito wa Mungu. Tazama Maandiko. Malaika alipomjia Mariamu, alimwacha aulize swali lake kwanza, ndipo Mariamu akakubali (Luka 1). Samweli aliitwa zaidi ya mara moja, na Mungu hakuchoka kurudia (1 Samweli 3). Mungu huita kwa jina, naye hungoja jibu.

Kwa hiyo, ukisukumwa na hofu, au na aibu ya kusemwa kanisani, simama kwanza. Na mtu akikuambia kwamba wito wako ni kupigwa na kunyamaza, huyo hakusemi kwa ajili ya Mungu. Kutumika ni wito, lakini kuonewa si wito. Mama aliye katika hali hiyo atafute msaada, na sisi wenzake tumpe mlango wa kukimbilia.

MAMA WA KANDO YA KIJITO

Katikati ya njia nilipumzika kwa mama mmoja wa makamo. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," naye akaitika, "Marahaba mwanangu, kaa, mlima haukimbii." Akanipa ndizi mbivu na maji ya kikombe. Shamba lake alirithi kwa mama yake, na ncha ya chini inagusa kijito.

Sehemu ile ya kijitoni ndiyo iliyokuwa mboni ya jicho lake. Wakati wa kiangazi, huko juu kukiwa kukavu, pale palistawi maharage na kabichi, na hizo ndizo zilizolipa sare na madaftari ya watoto. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza kulima ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. "Sheria tuliisikia," aliniambia, "lakini nani angenifuata huku? Wote tulilima."

Kiangazi kimoja kijito kikawa uzi. Asubuhi moja alikuta watoto wa jirani wa chini wakichota tope kwa kikombe, wakilichuja kwa kitenge. "Nilikwenda shambani kumwagilia kabichi zangu. Mkono ukawa mzito. Nikasema, Bwana, kabichi hizi zinakunywa maji ya watoto wale."

Hakusikia sauti, wala hakuota ndoto. Alivuna zilizokuwepo, na msimu uliofuata hakulima tena kijitoni. Akapanda mabingobingo na miti. Kaka yake, ambaye ni mjomba wa watoto, alikasirika kweli, akasema ardhi ya ukoo haiachwi iote majani. Hawakusemezana kwa miezi. Mwaka ule binti yake alivaa sare iliyotiwa viraka, na hakuna aliyekuja kumpongeza wala kumlipa.

Nikamuuliza kama majirani walimfuata. "Wawili," akajibu. "Wengine wanalima mpaka leo." Na kijito je? "Kiangazi kilichopita kilipungua, lakini hakikukata." Kisha akainuka kwenda kuwatolea kuku wake chenga, maana kwa kuku hao ndipo anapopata sasa fedha ya madaftari.

JE, TUTAUTAMBUAJE?

Nilipokuwa nashuka niliyapima maneno ya mama yule kwa Maandiko, nikaona mambo matatu.

Kwanza, wito humkuta mtu kazini. Musa alikuwa anachunga, Elisha alikuwa analima, Petro alikuwa anavua. Mwanamke Msamaria alikuwa amekuja kuchota maji, kazi ya kila siku, akaacha mtungi akaenda kuwaambia watu wa mji wake (Yohana 4). Usingoje mpaka kazi za nyumbani ziishe ndipo Mungu aseme nawe. Kazi za nyumbani haziishi.

Pili, wito una watu chini yake, kama kijito. Jiulize: hiki ninachokifanya kinamfikia nani? Yule kijakazi katika nyumba ya Naamani alikuwa mtoto tu, tena mateka. Alisema neno moja kwa bibi yake, na jemadari akapona ukoma (2 Wafalme 5). Jina lake halikuandikwa. Mama wa kijitoni naye hamjui anayefungua bomba Dar es Salaam, na huyo hamjui yeye. Mungu anawajua wote wawili.

Tatu, wito una gharama, na gharama hiyo hutoka mahali tunapopapenda. Mgolole ilikuwa wajukuu. Kijitoni ilikuwa kabichi. Kwako huenda ni saa moja ya usingizi ili ukae na mama mkwe anayeumwa, au ni faida ndogo unayoiacha kwa kutumia mizani ya haki gengeni, au ni kiburi unachokiweka chini ili umsemeshe jirani. Lakini pima vizuri: gharama ile uibebe wewe mwenyewe kwa hiari, usiwatwike wengine huku ukiiita sadaka yako. Mama yule hakuishia kuacha kabichi, alianza kufuga kuku ili mtoto asikose shule.

Mwezi huu, katika kikundi chenu, msianze kwa kuulizana nani ana karama kubwa. Kila mmoja ataje mtu mmoja aliye "chini ya kijito" chake: anayepata maji safi au tope kutokana na jinsi yeye anavyoishi. Inawezekana ni mtoto, ni mfanyakazi wa ndani, ni mteja, ni mgonjwa. Kisha muombe kwa ajili ya mtu huyo kwa jina, na kila mmoja achague jambo moja la kumfanyia kabla hamjakutana tena.

Na ukijaliwa kupita Morogoro, tazama juu. Ukiona wingu kichwani mwa Lupanga, ujue maji yako ya kesho yanaandaliwa, na kwamba huko kuna akina mama wanaoyalinda. Waombee. Nawe linda cha kwako.