Wimbo wa Akili ambao hutaukuta Boomplay

Wadau, kuna ngoma moja hapa Nkoma ambayo hutaikuta Boomplay, hutaikuta YouTube, na usihangaike kuitafuta Telegramu. Ipo kwenye kompyuta moja na simu kama nne hivi, yangu ikiwemo. Mwaka huu sijasikia wimbo mwingine ulionikaa rohoni kama huu, na unamhusu mtoto wa kwenye katuni.

Ndiyo, katuni. Cheka kwanza, ukimaliza tuendelee.

Aliyeutunga simtaji. Ni kijana wa bodaboda, ana miaka 24. Mchana anabeba abiria, usiku anageuka prodyuza: chumba kimoja, kompyuta ya mtumba, FL Studio, na godoro limeegemezwa ukutani kupunguza mwangwi. Kazi zake nyingi ni za kwaya na matangazo ya mnada. Mdogo wake wa kike, ambaye ndiye chanzo cha haya yote, naye simtaji. Nimebadilisha vitu viwili vitatu ili watu wasiwatambue, na wote wawili wameniruhusu kuandika. Mimi nimo kwenye stori hii kwa sababu kiitikio nimeimba mimi.

Katuni yenyewe ni Akili and Me. Inatengenezwa na Ubongo wa Dar es Salaam, hao hao wa Ubongo Kids iliyoanza kurushwa TBC1 Januari 2014. Kama nyumbani kwenu hakuna mtoto, nikupe kwa ufupi: Akili ni mtoto wa kike wa miaka minne, anaishi na familia yake chini ya Mlima Kilimanjaro. Kila akilala anaingia kwenye nchi ya ndotoni inayoitwa Lala Land, na huko na marafiki zake wanyama wanajifunza herufi, namba na kuchora. Kila kitu wanakiimba. Ndiyo maana hata mtu mzima akikaa na mtoto wiki moja, anajikuta anaziimba zile nyimbo akiwa anasubiri abiria.

Huyu jamaa hakukaa wiki moja, alikaa miaka. Msimu wa pamba mama yao alikuwa anashinda shambani, na yeye ndiye aliyebaki na mdogo wake. Walikuwa wanaangalia kwa jirani mwenye king'amuzi, baadaye kwenye simu, vipindi vimejazwa kwenye memori kadi. Anasema mdogo wake alijua kuhesabu mpaka kumi kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Kijiweni wanamwita "mtu mzima hovyo" kwa sababu ya mlio wa simu yake. Hajaubadilisha.

Sasa mdogo wake ana miaka 16. Alimaliza la saba, hakuendelea, akaenda Mwanza kufanya kazi za ndani. Wengi wetu huku tunajua mabinti walioondoka hivyo: asubuhi, begi moja, namba ya simu ya bosi imeandikwa kwenye karatasi. Kazi yake kubwa huko ni kulea mtoto wa miaka mitatu. Na mtoto wa miaka mitatu anaangalia nini kwenye tivii? Umeshajua. Binti aliyekua na Akili, sasa Akili anamwangalia akiwa amesimama nyuma ya kochi, mtoto wa mwenzake mgongoni.

Hilo ndilo lililomtoa jamaa usingizi. Ila namna ya kuliimba aliipata mbali kabisa.

Kuna katuni ya Marekani, My Little Pony: Friendship Is Magic, ilianza Oktoba 2010 na kuisha Oktoba 2019. Ilitengenezwa kwa ajili ya watoto wa kike, lakini ikazoa mashabiki wakubwa, wanaume wazima wakiwemo, wanaojiita bronies. Hawa watu wametunga muziki mpaka basi: roki, elektroniki, nyimbo zenye vinanda na vinubi kama za kwenye filamu. Mmoja wao, Yoav Landau wa Israel, anayejulikana kama The Living Tombstone, alianza kwa kurimiksi nyimbo za farasi hao. Baadaye akatoa wimbo wa shabiki wa gemu ya Five Nights at Freddy's, na mwaka 2023 filamu ya gemu hiyo ilipotoka, wimbo wake ukawekwa mwishoni. Kwa hiyo ukimwona mtu anarekodi wimbo wa katuni chumbani kwake, mwache afanye kazi.

Lakini uliomshika jamaa yetu ni mwingine: Lullaby for a Princess, kazi ya shabiki, ya mwaka 2012. Kwenye katuni, binti mfalme mdogo anafungiwa mwezini miaka 1,000, na dada yake ndiye aliyempeleka huko. Kipindi kinalipita jambo hilo haraka, maana watoto wanasubiri vituko. Shabiki akarudi palepale akakaa. Akauliza: yule dada mkubwa alilalaje usiku ule? Wimbo mzima ni yeye anambembeleza mdogo wake ambaye hayupo.

Jamaa Kiingereza chake ni cha kuungaunga. Anasema hakuelewa maneno yote, ila alielewa nani anaimba na anamwimbia nani. Aliusikiliza mpaka bando likakata.

Hapa ndipo nilipoelewa muziki wa mashabiki unafanya kazi gani. Shabiki anaingia pale mtunzi alipopita mbio. Wimbo wa kawaida unatumia beti nzima kukutambulisha mhusika. Huu unakukuta unamjua tayari, umekula naye, umelala naye, kwa hiyo unaingia moja kwa moja kwenye kidonda.

Wimbo wetu unauliza hivi: Akili akikua, Lala Land inabaki wazi? Humo ndani Akili ana miaka 16, yuko kwenye nyumba ya watu. Akifumba macho lango halifunguki, kwa sababu saa kumi alfajiri anatakiwa awe macho, na mtoto akilia usiku anaamka yeye. Marafiki zake wa ndotoni wanamsubiri, wanaulizana. Kiitikio ni kuhesabu tu, moja mpaka kumi, kama alivyofundishwa. Ila zinazohesabiwa ni miezi tangu aondoke nyumbani. Tuliporekodi alikuwa na miezi kumi na mmoja, na jamaa akaniambia niishie kumi, ya kumi na moja niiache. Biti imelala kwenye mwendo wa bugobogobo, ule wa kulimia, ila ameupunguza kasi mpaka jembe linasikika limechoka. Umeme ulikatika mara mbili, tukarudia mara mbili.

Baada ya hapo maneno yakaanza. Kuna mdau wa muziki kule Bariadi alisikia, akasema ngoma ni kali ila imekosewa: toa jina la Akili, weka jina la demu, fanya mapenzi, itatoboa. Mwingine akasema kuimba mhusika wa wenzako ni utoto. Huyo wa pili alinishangaza, maana ni Msukuma kama mimi. Sisi ndio watu ambao mpaka leo Bagika wanamtaja Ngika na Bagalu wanamtaja Gumha, makundi mawili yanacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na mshindi ni anayevuta watu wengi. Kila msimu baada ya mavuno zinatungwa nyimbo mpya chini ya majina hayo ya zamani. Kushabikia kwa kutunga hatujafundishwa na intaneti.

Hoja ya sheria ndiyo nilikubali kuisikiliza. Akili ni kazi ya watu, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kazi ya mtu, hata kuigeuza kuwa kitu kingine ni haki ya mwenyewe. Hao hao bronies yaliwakuta: kundi moja lilianza mwaka 2011 kutengeneza gemu ya mapigano ya wale farasi, na Februari 2013 Hasbro, wenye mali, wakawaandikia barua waache. Jasho lote likasimama. Bahati yao, Lauren Faust, mama aliyeibuni katuni yenyewe, akajitolea kuwachorea wahusika wapya kabisa, na gemu ikatoka kwa jina la Them's Fightin' Herds. Kwa hiyo msimamo wangu kwa jamaa ni huu: usiuze, usitumie picha zao wala sauti zao, andika wazi kwamba ni kazi ya shabiki, na kabla ya kuachia waandikie wenyewe uombe. Kuomba hakuna aibu.

Lakini sheria siyo iliyouzuia wimbo huu. Aliyeuzuia ni mdogo mtu.

Jumapili moja aliusikiliza kwa simu ya bosi wake, bosi akiwa kanisani. Yule mtoto anayemlea alikuwa pembeni, na aliposikia sauti yangu akapinga palepale: "Huyo siyo Akili!" Mwana hadanganyiki. Halafu binti akamtumia kaka yake ujumbe wa sauti, nimeusikia kwa masikio yangu. "Kaka, jina usibadilishe. Ukiweka jina lingine mimi sitakuwemo. Ila usiuachie nikiwa bado huku. Watajua ni kwao." Akasema bosi wake siyo mtu mbaya, mshahara anatoa, ila hakuna mwenye nyumba anayependa kuimbwa. Akamaliza kwa kusema afute ule ujumbe. Jamaa hajaufuta.

Kwa hiyo ngoma imelala kwenye kompyuta. Kuna watu wanaona ni ujinga, kwamba wimbo ukihiti ndio ungempa hela ya kumrudisha dada. Mimi nakataa. Wimbo umetungwa kwa sababu yake, hauwezi kumfukuzisha kazi halafu tukauita zawadi. Jamaa anaweka hela ya boda pembeni kila siku ili arudi asome QT, apate njia ya kidato cha nne bila kukaa na madogo wa kidato cha kwanza. Akirudi, ile kumi na moja niliyoiacha ataiimba mwenyewe, na namba nyingine zote zitakazokuwa zimeongezeka. Hapo ndipo barua ya kuomba ruhusa itakapoandikwa.

Nimeandika hii kwa ajili ya wale wa kijiweni wanaocheka mlio wa simu ya mwenzao. Na kwa ajili yako pia, mwenye dada wa kazi sebuleni: katuni ikianza, mwambie akae, aangalie naye. Huenda alimjua Akili kabla ya mwanao.

Haya, nawe tuambie: ni mhusika gani wa katuni uliyekua naye, na leo ungemtungia wimbo akiwa wapi?