Kitonga, Tabo na Hewa ya Moto

Kabla ya kuenea kwa tabo, ile pampu inayosukuma hewa ndani ya injini, vita vya dereva mlimani Kitonga vilikuwa vita vya maji. Ukitoka Mikumi unateremka hadi bonde la Ruaha, unapita Ruaha Mbuyuni kwenye vitunguu na jua la kukausha koo, kisha barabara inaanza kupanda kwa kona hadi ukafika Ilula. Lori lenye mzigo linapanda kwa gia nzito, polepole kiasi kwamba upepo wa kupoza rejeta haupatikani isipokuwa ule wa feni. Ndiyo maana utingo wa enzi hizo hakukosa gogo la kuzuia tairi na madumu ya maji.

Wazee walionifundisha kazi walianza na malori ya Fiat, yale yaliyokuwa yakienda Zambia baada ya Ian Smith kujitangazia uhuru wake kule Rhodesia, Novemba 1965, na njia ya kusini ikawa ya mashaka. Injini nyingi za wakati huo zilivuta hewa zenyewe, bila kusukumiwa. Hewa iliyoingia kwenye manifoldi ilikuwa na joto la nje tu, kwa hiyo gari likichemsha, mtuhumiwa alikuwa rejeta, feni au thamostati. Thamostati ndiyo iliyoonewa kuliko zote. Ilikuwa ikifunguliwa na kutupwa kichakani, na dereva anaondoka akiamini amepona. Kumbe kwenye injini nyingi ikishatolewa, ile njia ya mkato ya maji inabaki wazi, na sehemu ya maji inazunguka ndani kwa ndani bila kufika kwenye rejeta. Lori la namna hiyo lilipoa kwenye tambarare na kuchemsha palepale mlimani.

Kisha tabo ikazagaa barabarani. Wazo lenyewe si geni: Mswisi Alfred Büchi alipata hataza yake mwaka 1905. Kwetu lilikuja kwa wingi na malori ya Scania, mengine yakiunganishwa hapahapa Kibaha. Madereva waliyapenda kwa sababu yalipanda. Lakini yalikuja na joto la aina nyingine, na kwa muda mrefu gereji zetu zililitibu kwa dawa ya zamani.

Aliyewahi kujaza baiskeli upepo anajua pampu inavyopata moto chini. Hewa ikikandamizwa inapata moto. Hewa ya nje ikiwa na nyuzi 35, tabo ikazidisha mgandamizo wake mara mbili, itatoka na nyuzi 130 au karibu na hapo. Hewa ya namna hiyo imetanuka, oksijeni iliyomo ni kidogo, na dizeli inayopulizwa na nozeli haipati pumzi ya kuungua vizuri. Unaona moshi mweusi, joto la ekzosi linapanda, pistoni na silinda hedi zinaumia, na mwishoni gasketi inakatika. Mshale wa dashibodi hausemi lolote mapema. Unasoma maji, na maji ndiyo ya mwisho kupata habari.

Gereji yetu ilikuwa Ipogoro, chini ya mji wa Iringa. Siku moja ikaingia Scania 112 isiyo na kipoza hewa, kile ambacho mafundi tunakiita intakoola. Tajiri wake alikuwa amekwisha kubadilisha rejeta na kupiga hedi gasketi, na lori bado lilirudi kutoka Kitonga likitoa mvuke. Fundi mkuu hakugusa rejeta. Alichovya vidole kwenye kikombe, akadondosha maji juu ya manifoldi ya kuingizia hewa. Matone yakarukaruka na kukauka.

“Tajiri, ugonjwa uko hapa,” akasema. “Rejeta unaionea bure.”

Scania walikuwa wakiuza injini hiyohiyo ikiwa na kipoza hewa. Kwenye kibao cha injini, DS11 ilikuwa na tabo peke yake na DSC11 ilikuwa na tabo na intakoola. Fundi alinunua intakoola ya lori jingine lililopata ajali, pamoja na hosi zake, maana alijua hosi za kawaida za maji zikipata mvuke wa oili na mgandamizo huo zinalainika na kupasuka. Tatizo likabaki manifoldi. Mdomo wake ulitazama upande wa tabo, na sasa ulitakiwa kutazama mbele, ambako hewa ingerudi ikiwa imepoa.

Kazi ile ndiyo iliyonifanya niipende gereji. Manifoldi ilikuwa ya alumini, na alumini haimwonyi fundi. Chuma kinakuwa chekundu, kinakupa nafasi ya kuondoa moto. Alumini inabaki na rangi yake hadi inaporomoka ghafla mbele ya macho yako. Fundi aliikata kwa msumeno, akaisugua mpaka ikawa nyeupe, akaipaka sabuni ya mche pale alipotaka kuchomelea. Akawa anaipasha taratibu huku akiitazama sabuni. Ilianza kuwa kahawia, ikawa nyeusi, ndipo akasogeza waya na kuanza kuunga. Sabuni ndiyo iliyokuwa kipimajoto chake. Ilipopoa alinipa tupa na kunielekeza niingize mkono ndani nisawazishe kila uvimbe, kwa sababu chembe ikidondoka humo inamezwa na silinda. Intakoola nayo tuliiosha kwa petroli, kisha kwa maji ya moto na sabuni, mpaka yalipotoka meupe. Tabo iliyokufa huacha vipande vya chuma humo ndani.

Halafu akafanya jambo ambalo wengi walioiga kazi ile hawakuliona. Intakoola inakaa mbele ya rejeta, kwa hiyo rejeta inapokea upepo uliokwisha kupashwa. Fundi alirudisha boksi la feni lililokuwa limetolewa zamani, akaziba kwa vipande vya mpira kila mwanya ambao upepo ungepenya pembeni, ili feni isivute popote isipokuwa kupitia vipoza vyote viwili. Nimeona malori yaliyofungwa intakoola bila kuzibwa hivyo. Yalichemsha kuliko mwanzo, na watu wakasema intakoola ni kitu kibaya.

Dereva alikuwa na ombi. “Fundi, sasa si utuongezee mafuta kidogo kwenye pampu?”

“Nikiongeza mafuta nitakurudishia joto lilelile nililokutolea.”

Pampu haikuguswa, na bado naamini uamuzi huo ulikuwa na uzito sawa na kuchomelea kwenyewe. Hewa ya nyuzi 130 ikishushwa hadi 55, kwa mgandamizo uleule inabeba oksijeni zaidi kwa zaidi ya humusi. Ukiacha mafuta yalivyo, oksijeni hiyo ya ziada inaunguza dizeli vizuri na kupoza chumba cha moto. Ukiongeza mafuta, unapata nguvu na unarudi kwenye joto. Tajiri alitaka gari lifike Tunduma na kurudi. Tulipanda nalo Kitonga mchana wa jua, likiwa na mzigo. Moshi ulikuwa mwepesi, na juu Ilula niliweka kiganja kwenye manifoldi na kukiacha pale kwa muda.

Baadaye yakaja malori yenye intakoola tangu kiwandani, kisha yale yenye kompyuta, na ufundi wa kukata manifoldi ukakosa wateja. Sioni ubaya, kiwanda hufanya kazi hiyo vizuri kuliko sisi. Kinachoniuma ni kwamba elimu ya hewa imeondoka pamoja na msumeno. Lori linaingia gereji halina nguvu, kijana anaunganisha mashine, inaandika kwamba mgandamizo wa tabo ni mdogo, na tabo mpya inaagizwa kwa mamilioni. Mimi huanza na maji ya sabuni. Naziba midomo ya mfumo wa hewa, naingiza upepo wa kompresa kidogo kidogo, na kupaka povu kwenye kila hosi na kona za intakoola. Mara nyingi mapovu yanatokea kwenye klipu iliyolegea au ufa mwembamba, na tabo ya zamani inarudi kazini.

Lori likiwa linachemsha, nalegeza intakoola na kuisogeza mbele. Kati yake na rejeta ndimo nyasi, vumbi na mabawa ya wadudu hujazana, mahali ambapo mwoshaji wa kituo cha mafuta hawezi kufika hata akipiga maji kwa mbele kutwa nzima. Uchafu huo unatolewa kwa kupiga maji kutoka upande wa feni kwenda mbele, kwa nguvu ndogo ili mapezi ya alumini yasilale. Ni kazi ya asubuhi moja, na matajiri wote ninaowahudumia nimewaomba waifanye kabla msimu wa kubeba mahindi haujaanza.