Hatua za Mpagazi wa Udongo

Usoke ni mji mdogo ulio upande wa magharibi wa Tabora, katika njia ya reli iendayo Kigoma. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na mwaka 1914 ikafika Kigoma; lakini kabla ya hapo nchi ile ya Unyamwezi ilipitwa na misafara ya miguu, iliyotoka pwani ya Bagamoyo ikaenda mpaka Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa mashuhuri kwa kazi hiyo. Kirangozi alitangulia, na nyuma yake walifuatana watu mmoja mmoja katika njia nyembamba, kila mtu na mzigo wake wa frasila mbili hivi, yaani karibu kilo 30, begani au kichwani. Mwendo wao haukuwa wa kukimbia wala wa kusitasita. Ulikuwa mwendo wa mtu ajuaye kwamba kesho atatembea tena, na kesho kutwa vile vile, hata miezi ipite.

Basi mwendo huo ndio ulio mgumu kuigwa kwa sanamu. Siku hizi mtoto wa Usoke mwenye kupata simu ya mkononi aweza kufinyanga wapagazi kwa udongo wa kichuguu, akawapanga mezani, akapiga picha moja, akausogeza mguu kidogo, akapiga nyingine, na kuendelea hivyo mpaka picha zimekuwa mamia. Kisha huziunganisha kwa programu, zikapita upesi mbele ya macho, na tazama, udongo unatembea! Kwa kweli hakuna kitu kitembeacho pale. Ni picha tupu zinazofuatana, nalo jicho la mwanadamu huziba lenyewe nafasi iliyo kati ya picha moja na ya pili. Zikiwa chini ya kumi hivi kwa sekunde, jicho huziona moja moja. Zikizidi hapo, huanza kuona mwendo.

Sasa, ni picha ngapi zitoshazo kwa sekunde moja? Asiyeijua kazi hii hudhani kwamba wingi ndio uzuri. Sinema za kawaida huonyeshwa kwa picha 24 kila sekunde, na desturi hiyo ilishika nguvu tangu miaka ya mwisho ya 1920, sinema zilipoanza kutoa sauti. Wako mafundi waliosogeza sanamu zao mara 24 kwa kila sekunde moja. Filamu ya Marekani iitwayo The Nightmare Before Christmas, ya mwaka 1993, ilifanywa hivyo. Ina dakika 76, na mwenye kuzidisha 76 kwa 60, kisha kwa 24, ataona kwamba ni picha 109,440. Kazi hiyo ilifanywa na kundi kubwa la mafundi, nayo ikachukua miaka mitatu hivi.

Mtoto wa Usoke hana kundi la mafundi. Chukua mfano wa filamu ya dakika mbili. Kwa picha 24, anatakiwa kupiga picha 2,880. Akiweza kupiga picha mbili kwa dakika moja, naye hataweza zaidi kama ana wapagazi sita wa kusogeza, kazi itamchukua saa 24, na hapo hajala wala hajalala. Kwa picha 12 atapiga 1,440, yaani saa 12, tangu jua kuchomoza hata kuchwa. Na jua lenyewe ni adui. Likihama mbinguni, vivuli vya wapagazi huhama pia, na katika filamu vivuli hivyo vitaonekana vikizunguka mbio kama mishale ya saa. Wingu moja likipita, nuru hupepesa. Kwa hiyo wenye akili hufunga madirisha na kuwasha taa moja isiyosogezwa. Udongo nao hukauka ukapasuka, hasa kiangazi. Kupunguza picha si uvivu, ni hesabu ya siku na ya udongo.

Mafundi wengi wameona zamani kwamba picha 12 zatosha, kila moja ikionyeshwa mara mbili, ili programu ipate 24 zake pasipo taabu. Mwendo huo huwa na ukavu kidogo, nao wapendeza katika udongo; hata huenda ukapendeza kuliko ule ulio laini mno, kwa kuwa mtazamaji huona alama ya mkono wa mtu.

Lakini kuna jambo lililo kubwa kuliko kupendeza. Idadi ya picha na idadi ya hatua sharti zipatane. Mtoto atembeaye bila mzigo hupiga hatua mbili hivi kwa sekunde. Mpagazi mwenye frasila mbili afaa apewe hatua tatu katika sekunde mbili. Basi kwa picha 12, kila hatua yake igawanywe katika picha nane. Hapo ataonekana mzito, lakini imara. Picha hizo hizo zikiunganishwa kwa haraka ya 24, kwa kuwa programu ilikuwa imewekwa hivyo na mtu hakuangalia, hatua zitakuwa tatu katika kila sekunde, na wazee wale wenye heshima watapita mbio wakirukaruka kama kuku. Zikiunganishwa kwa picha nane, kila hatua itakuwa ya sekunde nzima, nao wataonekana wagonjwa.

Aibu hiyo imewapata watu halisi. Kamera za sinema za kwanza zilizungushwa kwa mkono, mara nyingi kwa picha 16 hivi kwa sekunde. Baadaye filamu hizo zilipoonyeshwa katika mitambo ya picha 24, mwendo wa watu uliongezeka mara moja na nusu. Askari aliyekwenda kufa alionekana akitembea kama mtu wa kuchekesha, na watazamaji wakazoea kudhani kwamba watu wa zamani walikuwa hivyo. Mwaka 2018 Peter Jackson wa New Zealand alitoa filamu iitwayo They Shall Not Grow Old, iliyotengenezwa kwa picha za vita vya 1914 hata 1918, vita ambavyo vilifika mpaka Tabora, mji uliotwaliwa na jeshi la Wabelgiji mwezi wa Septemba 1916. Picha zile zilikuwa zimepigwa kwa mwendo usio sawa, 10, 14, hata 18 kwa sekunde. Wakatafuta mwendo wa kweli wa kila kipande, kisha kompyuta ikabuni picha za katikati zilizokosekana. Ndipo askari wale wakatembea tena kama watu.

Wako wachaguao picha 15, wakisema ni njia ya katikati. Hesabu haiwakubalii, ikiwa filamu itatolewa kwa 24. Picha 15 haziwezi kugawanyika sawasawa katika nafasi 24. Tisa zitaonekana mara mbili na sita mara moja tu, na mpagazi atachechemea ijapokuwa mguu wake ni mzima. Nambari 12, 8 na 6 huingia katika 24 bila kubaki kitu. Katika Tanzania iko pia nambari 25, ambayo ni ya televisheni, kwa sababu umeme wa huku hugeuka mara 50 kwa sekunde. Marekani, ambako hugeuka mara 60, walichukua 30. Filamu ya 24 ikiendeshwa kwa 25, ile ya dakika 100 huisha kwa dakika 96. Hakuna atakayeona katika miguu, lakini sauti hupanda kidogo.

Habari ya sauti ni ya zamani katika nchi hii. Tangu mwaka 1935 hata 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Meja L. A. Notcutt na wenzake walitengeneza filamu 35 hivi za kuonyeshwa watu wa Afrika Mashariki, na sauti zake waliziweka katika sahani za santuri, mbali na picha. Katika kazi ya namna hiyo, mtambo wa picha ukitangulia sahani, maneno hufuata nyuma kama mtoto aliyeachwa njiani. Atakaye wapagazi wake wakanyage kwa mlio wa ngoma afadhali arekodi ngoma kwanza, ahesabu picha kati ya pigo na pigo, ndipo aanze kusogeza miguu.

Hata picha 12 zina mahali zinaposhindwa. Mpagazi akijikwaa kijitoni na mzigo ukaanguka kutoka begani, mzigo halisi hufika chini kwa nusu sekunde hivi, yaani picha sita. Kitu kiangukacho huzidi mbio kila mara: nafasi ya kwanza ikiwa 1, ya pili ni 3, kisha 5, 7, 9, na ya sita 11. Jumla ni 36, na ile ya mwisho peke yake ni karibu theluthi ya kimo chote. Jicho haliwezi kuziba pengo kubwa kama hilo; litaona mzigo uko juu, kisha uko chini. Hapo, na hapo tu, fundi huacha 12 akapiga zote 24, ili pengo la mwisho lipungue hata karibu sehemu ya sita. Sekunde mbili za kujikwaa na kuanguka zitamgharimu picha 48 badala ya 24, na kabla ya kuzianza hana budi kuulowanisha tena mkono wa mpagazi, usije ukakatika katikati ya kazi.