Jina kwenye Kila Risiti: Kazi na Uhamisho wa Mtayarishaji wa Filamu wa Butembo

Katika utengenezaji wa filamu, mtayarishaji ndiye anayetafuta fedha, kuomba vibali, kulipa wasanii na mafundi na kujibu maswali ya wakubwa, ilhali mwelekezi, yaani yule anayeamua picha ipigweje, anaweza kukaa nyuma ya kamera bila kujulikana sana. Mwandishi wa kumbukumbu hizi, ambaye hapa anatajwa kwa kazi yake tu, alikuwa mtayarishaji kati ya Butembo na Beni, miji ya Kivu ya Kaskazini inayotenganishwa na kilomita zipatazo 54 za barabara, na anaamini kwamba mateso yaliyompeleka uhamishoni yalitokana na nafasi hiyo hasa, kwa kuwa jina lake ndilo lililoandikwa kwenye kila barua na kila risiti.

Alianza na video za arusi na michezo ya kuigiza ya Kiswahili na Kinande, iliyogharamiwa na wafanyabiashara wa Butembo, na huenda angeendelea hivyo kama mauaji ya raia yasingeanza katika eneo la Beni mnamo Oktoba 2014. Serikali iliyahusisha mauaji hayo na ADF, kundi la waasi lenye asili ya Uganda, lakini wapo wachunguzi waliotaja pia wahusika wengine, wakiwemo baadhi ya maofisa wa jeshi, jambo lililomfanya yeyote anayerekodi manusura atiliwe shaka na pande zote.

Mtayarishaji alipogeukia kurekodi manusura hao, wafadhili wa ng'ambo walidai idhini ya maandishi ya kila shahidi, na sharti hilo, lenye haki kabisa kwingineko, liligeuka hatari kubwa. Mama aliyefiwa na wanawe alirekodiwa mikono tu, akimenya mihogo, huku uso wake ukiachwa nje ya picha. Lakini katika daftari la mtayarishaji palikuwa na jina lake, kijiji chake na alama ya dole gumba kwa wino wa buluu. Ndiyo maana mtayarishaji alizipa kadi za kamera namba tupu, akayahifadhi majina mbali na picha, kwa mtu ambaye hata wapiga picha hawakumfahamu.

Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kuua watu 2,287 hadi mlipuko ulipotangazwa kwisha Juni 2020, ilizidisha uhasama, kwani wakazi waliokuwa wamezika ndugu zao kwa miaka minne bila msaada waliona magari na fedha vikimiminika kwa ajili ya ugonjwa mmoja, wakaihesabu kamera kuwa sehemu ya biashara hiyo. Hasira yao ilikuwa na msingi. Hata hivyo, Novemba 2019 Papy Mahamba, mtangazaji wa redio aliyeelimisha watu kuhusu Ebola, aliuawa nyumbani kwake Lwemba, mkoani Ituri, na tangu hapo vitisho alivyopokea mtayarishaji kwa simu havikuweza tena kupuuzwa.

Hali ya dharura ya kijeshi ilipoanza tarehe 6 Mei 2021, ikiwaweka wanajeshi na polisi katika nafasi za magavana na mameya, mtayarishaji alitakiwa akabidhi picha zote ambazo hazijahaririwa pamoja na majina ya waliozungumza. Alikataa, akaondoka kwa pikipiki kupitia Kasindi, akavuka mpaka wa Mpondwe hadi Uganda. Njia ya uhamisho wa Kampala ilikwisha kupitwa na Petna Ndaliko wa Goma, aliyeanzisha huko kituo cha sanaa cha Yole!Africa mwaka 2000, kisha akakifikisha hadi nyumbani. Mfano huo ulimpa mtayarishaji moyo wa kuhariri ugenini kile kilichorekodiwa Beni.

Ombi lake ni kwa mashirika na vituo vya televisheni vinavyohifadhi nakala za ushuhuda wa Beni: ulizeni maoni ya mashahidi kabla ya kuzionyesha tena, fichueni nyuso za wale tu wanaokubali leo, na pelekeni nakala moja Butembo, kwa familia za wenye sauti hizo.