Fito za plastiki na nguzo zake

Najua mmezoea kusoma mambo ya programu hapa. Leo nawaomba mnivumilie, maana nimekuwa kwenye kazi ya uzio, na nimekuta humo jambo ambalo kila mtunzi wa programu atalitambua.

Dada yangu ana chekechea ndogo huko Kitengela. Upande wa mbele unatazamana na barabara ya vumbi ambayo vijana wa bodaboda wameigeuza uwanja wa mashindano. Ua wa mbao uliokuwepo ulimalizwa na mchwa. Safari hii akanunua uzio wa plastiki, ule mweupe unaouzwa vipande vipande, mita 24 kwa jumla, na akaniomba nikae na fundi mpaka kazi iishe. Pesa ni za chama, na mzazi akiona mtoto ameanguka barabarani kwa sababu ua umeachia, hamrudishi tena. Kwa hiyo swali la kwanza lilikuwa zito kuliko linavyoonekana: ufito unaungwa vipi na nguzo?

Kwa ambao hawajauona, uzio huu ni PVC, plastiki ile ile ya mabomba ya maji. Nguzo na fito zina uwazi ndani. Ndani ya plastiki huchanganywa unga mweupe wa titani (titanium dioksaidi) ili jua lisiiharibu upesi. Mchwa hali, kutu haishiki, na wanaookota vyuma chakavu usiku hawana haja nayo.

Kuna njia mbili za kuunga. Ya kwanza, nguzo huja ikiwa imetobolewa matundu ya mstatili kiwandani, na ncha ya ufito inaingia ndani ya tundu. Karibu na ncha kuna masikio madogo yaliyobonyezwa kutoka ndani kuelekea nje. Ukisukuma ufito, masikio yanajikunja yakipita tundu, kisha yanafunguka ndani ya nguzo na kukataa kurudi. Njia ya pili ni braketi: kikombe cha plastiki au chuma kinachopigwa skrubu kwenye uso wa nguzo, na ufito unakaa ndani yake. Braketi hufaa ukutani, kwenye geti, mahali penye mteremko, na pale ufito ulipokatwa ukapoteza masikio yake.

Fundi wetu ni mzee aliyelaza mabomba kwa zaidi ya miaka 30. Alipoona fito zinacheza kidogo ndani ya matundu hakufurahi.

“Injinia,” aliniambia (huniita hivyo akitaka kunitania), “hii ni PVC. PVC hupakwa gamu, unaibana, unahesabu hadi thelathini, basi. Bomba nililounga mwaka wa 1994 halijavuja hadi leo.”

“Ni kweli mzee,” nikamjibu, “lakini bomba lako limezikwa ardhini ambako joto halibadiliki sana. Hizi zitakaa juani.”

Hapa ndipo hesabu inapoingia. PVC hurefuka takriban milimita 0.06 kwa kila mita, kwa kila nyuzi moja ya joto. Chuma hurefuka kama milimita 0.012, yaani PVC hutembea mara tano ya chuma. Ufito wetu una mita 2.4. Kitengela alfajiri kuna baridi ya kuvaa sweta, na saa nane mchana plastiki iliyoanikwa juani huwa na joto kuliko hewa yenyewe. Tukichukua tofauti ya nyuzi 30 kati ya alfajiri na mchana:

2.4 × 30 × 0.06 = milimita 4.3

Milimita 4.3 ni kidogo. Lakini sisi tulikuwa na fito 10 mfululizo. Ukizipaka zote gamu zikawa kitu kimoja, unapata milimita 43 zinazotafuta pa kwenda kila mchana. Zisipopata, ufito utapinda kama upinde au utasukuma nguzo. Usiku zinarudi na kuvuta. Fanya hivyo kila siku kwa miaka, na kitu dhaifu kuliko vyote ndicho kitakachopasuka, kwa kawaida ukingo wa tundu la nguzo.

Mzee hakuamini hesabu za kwenye karatasi, na sikumlaumu. Tukafanya jaribio. Asubuhi saa kumi na mbili na nusu tulilaza ufito mmoja juu ya ubao, ncha moja ikigusa ukuta wa mawe, na yeye mwenyewe akachora mstari wa penseli kwenye ubao pale ncha ya pili ilipoishia. Saa nane mchana tukarudi. Ncha ilikuwa imevuka mstari kwa karibu milimita 4. Akaipima kwa futi yake mwenyewe mara mbili.

“Hii kitu inatembea,” akasema. Kisha akauliza swali lililonifanya nimheshimu zaidi: “Sasa kama inatembea, mtoto akiegemea, itatoka?”

Hilo ndilo swali lenyewe. Kumpa ufito nafasi ni rahisi, unaukata mfupi. Ila ukiukata mfupi mno, siku nguzo ikiinama utachomoka. Na nguzo za Kitengela huinama. Udongo wetu ni ule mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Maelekezo yaliyokuja na maboksi hayakusema lolote kuhusu udongo huo, lakini mzee anaujua. Akakataa kusimamisha nguzo kwa kina kilichoandikwa. Alichimba kila shimo mpaka akafika kwenye moramu ngumu, kisha ndipo akamwaga zege.

Kuhusu vipimo tukakubaliana hivi. Nguzo yetu ina upana wa milimita 127. Kila ufito uingie milimita 55 kutoka uso wa nje wa nguzo. Fito mbili zinazokutana ndani ya nguzo moja zinabakiwa na milimita 17 kati yao. Nafasi hiyo inatosha mchana zinaporefuka, na kila ufito umeingia kwa kina cha kutosha kiasi kwamba usiku ukinywea, au nguzo ikiinama kidogo, masikio bado yanashika ukuta wa nguzo kwa ndani. Nafasi ni kwa ajili ya joto, masikio ni kwa ajili ya udongo na watoto.

“Wahenga walisema tusigombee fito nasi twajenga nyumba moja,” mzee akacheka, “na sisi tumegombea fito zenyewe!”

Sasa nirudi nyumbani, kwenye programu. Sisi tunaoandika mifumo tunaishi kwenye viungo. Programu ya malipo inazungumza na programu ya risiti, na mara nyingi zimeandikwa na watu wawili wasiojuana. Ukiziunga kwa gamu, yaani moja ikatae ujumbe wowote ambao haufanani kabisa na ule uliotarajiwa, siku upande wa pili ukiongeza taarifa moja ndogo, kila kitu kinasimama. Mwaka wa 1980 Jon Postel, katika hati ya itifaki ya TCP, alishauri kwamba programu iwe makini katika inachotuma na ivumilie katika inachopokea. Intaneti ilikua kwa ushauri huo. Lakini mwaka wa 2023 ikatoka hati nyingine katika mfululizo ule ule, RFC 9413, ikionya kwamba uvumilivu ukizidi, makosa hujificha na kuota mizizi mpaka yanakuwa sehemu ya mfumo. Huo ni ufito uliokatwa mfupi mno: unacheza vizuri, hauna kinachoushika.

Kwa hiyo kila kiungo nakiuliza maswali mawili ya uzio. Je, kina nafasi ya kutembea? Na kitu gani kinakizuia kuchomoka? Kwenye mfumo wa ada wa dada, kati ya malipo na risiti kuna foleni, ili upande mmoja ukichelewa mwingine usianguke. Hiyo ndiyo nafasi. Na kila malipo yana namba yake ambayo lazima ionekane kwenye risiti, la sivyo mfumo unapiga kelele. Hayo ndiyo masikio.

Kwa wanaotaka kujenga uzio kama huu, haya ndiyo tuliyofuata:

1. Ingiza fito unaposimamisha nguzo, moja baada ya nyingine. Ukimwaga zege kwenye nguzo zote kwanza utapigana na fito baadaye.
2. Weka alama ya penseli kwenye kila ncha ili ujue imeingia kwa kina gani. Ukishafunga huoni ndani.
3. Ufito ukikatwa, masikio yameondoka. Kuna koleo maalumu ya kuyabonyeza upya. Sisi hatukuipata, tukatumia braketi upande wa geti.
4. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Toboa ufito tundu pana kuliko skrubu, na usikaze mpaka plastiki ibonyee.
5. Nguzo ya geti ijazwe zege na nondo ndani. Plastiki tupu haibebi geti.
6. Gamu tumia kwenye kofia za nguzo tu. (Mzee alifurahi kuona gamu yake haikuenda bure.)

Uzio umepita kiangazi kimoja na mvua za masika. Nguzo ya nne imeinama kidogo, pimamaji inaonyesha, lakini fito zake hazijachomoka. Dada ana desturi yake sasa: kila Jumatatu kabla ya watoto kufika, anapita akitikisa kila kiungo kwa mkono. Zinacheza kidogo, na hazitoki.

Juma lijalo narudi kwenye foleni za ujumbe, kama nilivyoahidi. Kwaherini kwa sasa.