Nuru na Kutafuta: Michezo ya Ndani kwa Watoto Wadogo

Ndugu wanachuo, mtakapokwenda kufundisha katika vijiji vya Ngara na Biharamulo, msistaajabu kukuta shuleni watoto wasioandikishwa. Si ajabu mwanafunzi wa darasa la pili kuja na mdogo wake mgongoni, kwa kuwa mama yuko shambani. Msimu wa masika, kiwanja kinapojaa tope, wadogo hao hukaa pembeni mwa darasa la awali wakilia. Sisi nasi kwa muda mrefu tuliwahesabu kuwa ni usumbufu.

Mawazo yetu yaligeuka siku moja huko Ngara. Bati la darasa lilikuwa na tundu, na mvua ilipopusa, duara dogo la jua likaanguka sakafuni. Mtoto mmoja akalifunika kwa kiganja. Nuru ikapanda juu ya mkono wake. Akauondoa mkono, akatazama kiganja, kisha akatazama sakafu. Tukatambua kwamba somo lilikuwa limekwisha kuanza pasipo mwalimu.

Tangu siku hiyo tumetumia michezo mitatu.

Kwanza, kufukuza nuru. Madirisha hufungwa nusu, nasi tukapitisha mwanga wa kurunzi ukutani polepole, watoto wakiufuata na kuugusa. Pasipo kurunzi, kioo kidogo kilichowekwa dirishani hurusha jua ukutani vilevile.

Pili, kufunika na kufunua. Gunzi la mahindi hufunikwa kwa kikapu mbele ya macho ya mtoto, naye huulizwa liko wapi. Mtoto aliyezoea Kihangaza au Kishubi nyumbani huuelewa mchezo huu hata kabla hajayajua maneno yetu ya Kiswahili.

Tatu, kutafuta katika kiza hafifu. Gunzi huwekwa kati ya majani makavu ya migomba, nao mwanga hupitishwa hapo kidogo kidogo hadi mtoto alione.

Hapana budi kuwa na hadhari. Kibatari na mshumaa visitumike kabisa. Kurunzi wala mwali wa kioo visielekezwe machoni. Maharage na buni visifanywe vitu vya kutafutwa, maana mtoto mdogo huvitia puani au kinywani.

Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi aliyeishi kati ya 1896 na 1980, alieleza kwamba mtoto mchanga hutenda kana kwamba kitu kilichofichwa hakipo tena. Anapoanza kukitafuta, huonyesha kwamba amekishika akilini. Hata hivyo, mtoto anayekaribia mwaka mmoja aweza kuona kitu kikihamishwa, naye akakitafuta pale alipokipata mwanzo. Kwa hiyo msimcheke anayekosea. Tazameni jinsi anavyotafuta.

Sisi wenyewe hatukulishika neno hilo vema. Tulipohamia Biharamulo, tulikuwa na msichana mdogo wa miaka mitatu hivi, mchangamfu kuliko wenzake wote. Katika michezo miwili ya mwanzo alikuwa wa kwanza. Lakini madirisha yalipofungwa kwa mchezo wa tatu, alisimama kimya, mikono mbele, akipapasa hewa. Tukadhani ni woga. Tukamhimiza, siku ya tatu tukamkemea, naye akalia.

Kaka yake alipokuja kumchukua, alisema kwa upole, "Mwalimu, huyu jioni huwa tunamshika mkono."

Hapo tukafahamu. Tulimtafuta mama, naye akampeleka mtoto zahanati. Akaambiwa kwamba mwanawe alipungukiwa na vitamini A, upungufu ambao humfanya mtu asione vema kwenye mwanga hafifu, na ukiachwa waweza kuharibu macho kabisa. Akapewa dawa, na mama akashauriwa kumlisha mchicha, mapapai, mayai na viazi vitamu vya rangi ya chungwa. Akakumbushwa pia matone ya vitamini A, ambayo watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa mara mbili kwa mwaka.

Baada ya majuma machache tuliurudia mchezo. Akalifuata gunzi moja kwa moja, akalileta mikononi mwetu, sisi tuliomkemea.

Basi, ndugu wanachuo, mtoto asipotafuta, msiharakishe kuandika katika daftari kwamba ni mwoga au mvivu. Fungueni dirisha, mwone kama anabadilika. Kisha waulizeni watu wa nyumbani kwake.